Uvimbe uliisha, goti likabaki bovu: kisa cha beki wa kidato cha tatu

Aliingia chumbani akiwa ameshika ukuta. Si kwa sababu ya maumivu, aliniambia baadaye, bali kwa sababu hakuliamini tena goti lake la kushoto. Alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, beki wa kulia wa timu ya wasichana ya shule yao huko Temeke. Nyuma yake alikuja mama yake na bahasha ya khaki yenye picha ya eksirei iliyopigwa miezi mitano nyuma.

"Shikamoo dokta," akasema binti.

Sijamaliza kuitikia, mama ameshaweka bahasha mezani. "Mfupa hauna tatizo, dokta. Tuliambiwa mfupa uko salama. Sasa mbona mtoto hanyooshi mguu?"

Swali la mama huyu ndilo nitakalolijibu hapa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam, na ninaandika kwa ruhusa ya binti na mama yake. Nimeacha chochote kinachoweza kumtambulisha. Nawaandikia hasa walimu wa michezo, wazazi, na matabibu wa zahanati na vituo vya afya, kwa sababu hao ndio wanaoliona goti kwanza. Mimi huletewa likiwa limeshapita mikono mingi. Na niseme mapema ninachokiamini kuhusu kisa hiki: siku aliyoanguka haikuwa siku mbaya kuliko zote. Siku mbaya ilikuwa ile ya wiki ya tatu, uvimbe ulipoisha na kila mtu akashukuru kwamba amepona.

Huwa sianzi kwa kushika goti. Humwomba mchezaji asimame, anionyeshe kwa mguu mzima alivyokuwa anafanya alipoumia. Binti huyu alionyesha vizuri sana, kama anayecheza upya mechi nzima kichwani. Ilikuwa Aprili, katikati ya masika. Mvua ilikuwa imekatika kwa siku tatu, uwanja umekauka juu lakini umejaa mashimo ya nyayo za siku za tope. Alivaa njumu za kuazima zilizomzidi namba moja, akajazia soksi mbili. Kwenye mazoezi ya kujiandaa na mchujo wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, winga wa upande wa pili aliingia ndani na mpira. Yeye akakita mguu wa kushoto ili ageuke amfuate. Mwili ukageuka, mguu ukabaki kwenye shimo.

Hakuna aliyemgusa. "Nilisikia ta! Kama kijiti kimevunjika," akasema. Mwenzake aliyekuwa hatua mbili kutoka hapo naye alisikia. Akapuliziwa dawa ya baridi, akakaa dakika kumi, akaomba arudi. Alicheza kidogo, goti likamwachia mara ya pili, akatolewa. Hayo yalitokea saa kumi na moja na nusu jioni. Ilipoadhiniwa isha, goti lilikuwa limejaa hata pia ya goti haionekani.

Ningependa kila mwalimu wa michezo ayakariri mambo matatu yaliyomo ndani ya simulizi hii: aligeuka bila kugongwa, kulikuwa na mlio, na goti lilijaa ndani ya saa mbili. Goti linalovimba kwa maji ya kawaida hujaa taratibu. Unalala nalo liko vile, unaamka limevimba. Damu haisubiri asubuhi. Goti likijaa jioni ileile, tuchukulie kuwa ndani kuna kitu kimechanika na kinavuja damu, na kwa kijana mwanamichezo kitu hicho mara nyingi ni ligamenti ya msalaba ya mbele, ile wachezaji wanayoiita kwa herufi zake tu, ACL.

Ligamenti ni kamba ngumu inayofunga mfupa kwa mfupa. Katikati ya goti kuna mbili zinazopishana kama herufi X. Ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usitoke mbele ya mfupa wa paja, na pia huulinda usijisokote mtu anapogeuka ghafla. Kukimbia kwa mstari mmoja hakuihitaji sana. Kugeuka, kusimama ghafla na kutua kutoka juu ndiko kunakoihitaji, na ndiyo maana karibu 7 kati ya kila majeraha 10 ya ACL hutokea bila mchezaji kuguswa na mtu. Watu wengi hudhani goti linaharibiwa na daluga la adui. Mara nyingi mchezaji yuko peke yake.

Wasichana wanaumia hivi zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule, na katika mpira wa miguu tofauti inafika mara mbili au zaidi. Wataalamu wanataja namna wanavyotua magoti yakiingia ndani, nguvu ya misuli ya paja na nyonga, na mambo ya homoni. Yote sawa. Lakini hapa kwetu naona na jambo jingine: mvulana wa Temeke ameruka, ameteleza na kugeuka mchangani tangu ana miaka mitano. Dada yake alikuwa anateka maji na kulea. Anaitwa kwenye timu akiwa na miaka 13, anapewa njumu za kuazima, anaambiwa akimbie kama wenzake. Mwili haujafundishwa kutua. Binti huyu alikuwa kidato cha kwanza Oktoba 2022, wakati Serengeti Girls, timu ya taifa ya Tanzania, walipoifunga Ufaransa 2-1 huko India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 na kufika robo fainali. Ndipo alipoanza kucheza. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu wa mpira miguuni alipoanguka.

Usiku ule alikandwa kwa maji ya moto. Jirani anayejua kuchua aliitwa, akalivuta goti "lirudi mahali pake". Simlaumu mama hata kidogo. Ndivyo alivyofanyiwa yeye na bibi yake, na alikesha na mtoto. Ila goti linalovuja damu likikandwa kwa moto na kuvutwa, linavuja zaidi. Siku mbili tatu za mwanzo linataka kuinuliwa juu, kubanwa kwa bandeji isiyokata damu, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20 kwa wakati. Hiyo barafu ya mfuko ya dukani inatosha kabisa.

Asubuhi ya pili walikwenda kituo cha afya. Akapigwa eksirei, na hilo lilikuwa sahihi: mtu asiyeweza kukunja goti hadi nyuzi 90, au asiyeweza kutembea hatua 4, anastahili eksirei. Kwa watoto wadogo zaidi ni muhimu hata kuliko kwa huyu, kwa sababu mara nyingine ligamenti haichaniki, inang'oa kipande cha mfupa iliposhikilia, na hicho kinaonekana kwenye picha. Picha ya binti huyu ilikuwa safi. Akaambiwa mfupa uko salama, akapewa dawa za maumivu, bandeji, na mapumziko ya wiki mbili.

Hakuna uongo katika maneno yale. Eksirei haioni ligamenti. Lakini "mfupa uko salama" ilipofika nyumbani ilikuwa imeshakuwa "goti liko salama". Sentensi moja ndiyo iliyokosekana: rudini baada ya siku kumi, uvimbe ukipungua, tulipime goti kwa mikono. Siku ya kwanza goti linauma, misuli imekaza, hata mtaalamu mzuri hapati jibu la uhakika. Siku ya kumi hadi ya kumi na nne ndipo goti huanza kusema ukweli. Na siku hizo ndizo ambazo hakuna anayerudi hospitali, kwa kuwa maumivu yameshapungua na nauli ina kazi nyingine.

Wiki ya tatu uvimbe ukaisha. Alitembea bila kuchechemea, akapanda daladala mwenyewe, akaanza kukimbia kuzunguka uwanja bila shida. Nimeshasema, kukimbia mstari mmoja hakuihitaji ACL. Mwalimu wake aliona mtoto anakimbia. Mama aliona mtoto anakimbia. Mwanzoni mwa Mei akarudi mazoezini, na mara ya kwanza alipojaribu kumgeukia mshambuliaji, goti likamwachia. Likavimba kidogo, likaisha siku ya tatu. Hakwenda kwenye mashindano, ila hakuacha mpira.

Nilimwomba ahesabu mara ambazo goti limemwachia tangu siku ile. Alihesabu kwa vidole polepole, akitaja mahali: ngazi za darasani, kituo cha daladala Tandika alipokuwa anashuka gari halijasimama, mechi ya kirafiki, mazoezini, mazoezini tena, nyumbani gizani umeme ulipokatika. Mara sita. Kila mara moja kati ya hizo, mfupa wa paja ulikuwa unateleza juu ya mfupa wa muundi na kusaga kilicho katikati yao. Kilicho katikati ni meniski, vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyogawa uzito wa mwili ili usielemee sehemu moja. Goti lisilo na ACL linaweza kukaa miaka kwa mtu wa kazi ya ofisini. Goti lisilo na meniski linachakaa mapema, na binti wa miaka 16 ana miaka hamsini ya kulitembelea.

Mara ya saba haikuwa uwanjani. Ilikuwa Septemba, Jumamosi, amechuchumaa anafua sare zake. Aliponyanyuka, goti likakwama. Halikunyooka tena.

Kitandani nilianza na mguu mzima wa kulia, ili aone kitu ninachofanya hakiumi, na ili mikono yangu ijue goti lake la kawaida likoje. Kisha nikaenda kushoto. Paja la kushoto, sentimita 10 juu ya pia ya goti, lilikuwa dogo kwa sentimita 3 kuliko la kulia. Goti lilikataa kunyooka nyuzi 15 za mwisho. Ukilisukuma linadunda, kama mlango uliowekewa kitambaa chini. Upande wa ndani, kwenye mstari ambapo mifupa miwili inakutana, nilibonyeza kwa kidole kimoja akavuta pumzi.

Halafu kipimo cha Lachman. Unakunja goti kati ya nyuzi 20 na 30, mkono mmoja unashika paja kwa nguvu, mwingine unashika muundi chini kidogo ya goti, unauvuta mbele. Upande wa kulia muundi ulisogea kidogo ukagota, kama kamba iliyofika mwisho. Upande wa kushoto ulikuja, ukaendelea kuja, na mwisho wake ulikuwa laini, hakuna kinachogota. Mama alikuwa amesimama upande wa miguu. Sikumwambia kitu, lakini aliona goti moja linasimama na jingine linasogea, na akakaa kwenye kiti.

Hiki kipimo hakihitaji umeme wala mashine. Kinahitaji mikono miwili na mazoezi, na ndicho kinachoaminika zaidi kwa ACL kuliko vipimo vingine vya mikono. Ningetamani kila tabibu wa kituo cha afya anayepokea wachezaji akifanye kwenye magoti mazima hamsini, ili siku likija bovu alitambue.

Nilimwandikia rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa. Kipimo cha MRI, picha inayoona hata ligamenti na meniski, kilionyesha tulichotarajia: ACL imekatika kabisa, na meniski ya ndani imepasuka kwa urefu, kipande kimejikunja na kuingia katikati ya goti. Mpasuko huo huitwa mpini wa ndoo, na jina linaueleza vizuri: kipande kimeshikilia ncha zote mbili, katikati kimenyanyuka kama mpini. Hicho ndicho kilichokuwa kinauzuia mguu usinyooke.

Kabla ya upasuaji familia ilikaa kikao. Mjomba alikuja kutoka Mbagala, na alikuwa na swali la msingi: je, hakuna namna bila kisu? Amesikia watu wanapona kwa mazoezi.

Alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu si jepesi. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya watu wazima 121, wa miaka 18 hadi 35, waliokatika ACL. Nusu walifanyiwa upasuaji mapema, nusu walianza mazoezi na kufanyiwa upasuaji ikihitajika tu. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalieleza hali ya magoti yao kwa kiwango kilekile, na katika wale 59 wa mazoezi, ni 23 tu waliokuwa wamelazimika kupasuliwa. Kwa hiyo kuna watu wanaishi vizuri bila ACL. Lakini binti huyu goti limemwachia mara saba, meniski imekwama, anataka kurudi kwenye mchezo wa kugeuka, na ana miaka 16. Nilimwambia mjomba: tungekutana Mei, baada ya mara ya kwanza, tungekuwa na nafasi ya kujadiliana. Sasa meniski imetuamulia. Alinyamaza, akauliza kuhusu gharama. Bima ilibeba sehemu, ndugu wakachangishana, na wiki saba zikapita tangu siku aliyokuja kwangu. Goti lililokwama halipaswi kungoja hivyo. Lilingoja.

Swali la umri daktari wa upasuaji alilichukulia kwa uzito, na wazazi wa watoto wadogo walijue. Ili kuweka ligamenti mpya, mifupa hutobolewa, na karibu kabisa na goti ndipo palipo na gegedu la ukuaji, sehemu mfupa unaporefukia. Likiharibiwa kwa mtoto ambaye bado anakua, mguu unaweza kupinda au kuwa mfupi. Kwa wasichana sehemu hii kawaida hufunga kwenye miaka 14 au 15, kwa wavulana 16 au 17. Binti huyu alivunja ungo akiwa na miaka 12 na picha zilionyesha amemaliza kukua, basi njia ya kawaida ikatumika. Kijana wa miaka 12 angehitaji njia nyingine.

Na nisiwatishe wazazi: si kila goti linalouma ni ligamenti. Mtoto wa miaka 11 au 13 mwenye kinundu kinachouma chini ya goti, bila kuanguka wala kuvimba ndani, mara nyingi ni mfupa unaokua unavutwa na misuli ya paja. Huyo anapunguziwa mazoezi na kufundishwa mengine, anakuja kupona. Mnijie mbio kwa lile lililojaa jioni ileile.

Mwishoni mwa Oktoba alifanyiwa upasuaji kwa matundu madogo. ACL mpya ilitengenezwa kwa kano zake mwenyewe za nyuma ya paja. Meniski ilishonwa, haikukatwa, na hapo tulipata bahati: mpasuko ulikuwa pembeni, ambako damu inafika na nyuzi zinashika. Meniski iliyoshonwa ndiyo iliyotupa masharti ya mwanzo. Wiki 6 za magongo, bila kukunja goti zaidi ya nyuzi 90, bila kuchuchumaa. Jaribu kuishi hivyo kwenye nyumba yenye choo cha kuchuchumaa na shule inayofikiwa kwa daladala mbili. Mjomba alitoboa kiti cha plastiki katikati, kikawa choo. Kwa shule alikodiwa bajaji ya asubuhi, na mitihani ya mwisho wa mwaka aliifanya mguu ukiwa juu ya kiti cha pili.

Mazoezi yenyewe hayakuwa ya mashine. Kulikuwa na ngazi mbili za barazani, mkeka, mpira wa kuvuta uliokatwa kwenye tairi la baiskeli, na ndoo ya lita 10 ambayo kila wiki niliruhusu iongezwe maji hadi mstari mpya niliouchora kwa kalamu. Kila asubuhi baada ya siku ya mazoezi, mama alipiga picha magoti yote mawili yakiwa sambamba juu ya mkeka na kunitumia kwenye simu. Goti lililozidishiwa kazi huvimba kesho yake. Kwa miezi kumi na tatu picha zile ziliniambia mengi kuliko maneno ya binti, kwa sababu yeye jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Liko poa, dokta."

Kano iliyopandikizwa inapita kipindi ambacho watu hawakielewi. Siku ya upasuaji ina nguvu. Kisha mwili unaanza kuigeuza iwe ligamenti, na katika miezi ya mwanzo inadhoofika kabla ya kuimarika. Yaani goti linakuwa halina maumivu, halina uvimbe, na kilicho ndani bado ni kichanga. Ni wiki ya tatu ile ile imerudi kwa sura nyingine.

Mwishoni mwa Aprili alifikisha miezi sita. Alikuwa kidato cha nne, mwaka wake wa mwisho wa UMISSETA kabla ya mtihani wa taifa, na mchujo ulikuwa mwezi unaofuata. Tulipima. Kwa nguvu ya paja natumia mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia magunia, uliofungwa kwenye mguu wa kitanda. Mchezaji anasukuma mkanda kwa kifundo. Kulia kilo 41, kushoto 27. Hiyo ni asilimia 66. Kuruka kwa mguu mmoja: kulia sentimita 128, kushoto 101, asilimia 79. Angalieni tofauti ya vipimo hivyo viwili. Kuruka kunamdanganya mtazamaji, kwa sababu mtu anajua kuomba msaada kwa nyonga na kifundo. Paja lilikuwa bado theluthi nzima nyuma.

Nilimwambia hapana. Alilia kimya, akiangalia mzani. Sikuwa na maneno matamu, nikampa takwimu kama mtu mzima. Utafiti wa Marekani na Norway wa 2016 uliwafuatilia wachezaji baada ya upasuaji kama wake: kila mwezi wa kusubiri, hadi itimie miezi 9, ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa karibu nusu. Waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu, asilimia 5.6. Na kwa wenye umri chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu 1 kati ya 4 hukata tena, ama goti lilelile ama la pili. "La pili?" akauliza. Hilo ndilo lililomnyamazisha.

Hapa kuna kosa langu, na limenifundisha. Nilizungumza na binti, na mama, na mjomba. Sikuzungumza na mwalimu. Mwalimu alisikia kwa wanafunzi kwamba "yuko kwenye mazoezi", na neno hilo kwake lina maana moja. Mwishoni mwa Mei alipungukiwa mchezaji, akamwingiza kwenye mchezo wa nusu uwanja. Binti hakukataa; ni nani wa miaka 17 angekataa? Dakika 15. Picha ya asubuhi ilikuja na goti limejaa. Nilimpima siku ileile, moyo ukinidunda, Lachman iligota. Uvimbe ulichukua siku tisa.

Jioni iliyofuata nilikwenda uwanjani mwenyewe. Mwalimu alinipokea kwa heshima, akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Dokta, mimi hakuna aliyeniambia kitu. Ningejua, ningemfunga kamba kwenye benchi." Nilimwomba radhi. Tukakubaliana kwa maandishi kwenye daftari lake la mahudhurio: mwezi gani atafanya nini, na nani anaamua.

Nikiwa pale niliona timu inavyopasha misuli. Mizunguko miwili, kujinyoosha wamekaa, kisha mpira. Mwezi uliofuata tulianza FIFA 11+, programu ya dakika 20 isiyotaka kifaa chochote zaidi ya mpira: kukimbia kwa mpangilio, mazoezi ya nguvu, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua, kisha kukimbia na kugeuka. Mwaka 2008 ilijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 wa klabu 125; kwenye timu zilizoifanya majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi, na yale makali kwa karibu nusu. Wasichana hawakuipenda wiki ya kwanza. Mwalimu akabuni njia yake: huwapanga wawiliwawili, mmoja anatua, mwenzake anaangalia goti, likiingia ndani anapaza sauti "goti!" Siku hizi ukipita pale jioni unasikia "goti! goti!" kabla hujauona mpira.

Miezi 9 baada ya upasuaji alipima asilimia 84 kwa mzani na 88 kwa kuruka. Hapana tena, na safari hii hakulia. Ilipotimia miezi 12, kushoto kilo 41 kwa 44 za kulia, sentimita 126 kwa 134. Asilimia 93 na 94, na alipotua goti lilisimama juu ya kidole cha mguu bila kuyumba. Nilitafuta sababu ya kumzuia nikakosa. Mtihani wa kidato cha nne ukanizuilia yeye, na goti likapata wiki nyingine za mazoezi bila mechi.

Mechi ya kwanza ilikuwa Desemba, bonanza la mtaa, jua la saa kumi. Safari hii njumu zilikuwa za kwake, namba yake. Daftari la mwalimu lilisema dakika 20. Dakika ya 11 winga aliingia ndani na mpira upande wake. Akakita mguu wa kushoto, akageuka, akauondoa mpira kwenda nje. Mama aliyekuwa pembeni yangu alinishika mkono akaniachia alama za kucha. Dakika ya 20 mwalimu akanyanyua kibao. Alitoka amekasirika, akatupita bila salamu, akakaa mwisho wa benchi na taulo kichwani.

Kesho yake picha ilikuja saa 12:40 asubuhi. Magoti mawili juu ya mkeka, yanalingana.